Mama Kiziwi na Mtoto Wake Mchanga: Maelezo Juu ya Kusikia na Fasili ya Lugha

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi wazazi viziwi wanavyomlea mtoto mchanga katika mtaa wa Kiamaiko, mashariki mwa jiji la Nairobi, na kuonyesha kwamba malezi hayo, yakitazamwa kwa makini, yanatulazimu sisi walimu wa Kiswahili kuitazama upya fasili ya lugha tunayowapa wanafunzi wetu. Fasili yenyewe inafahamika kwa kila aliyepita katika darasa la isimu: lugha ni mfumo wa sauti za nasibu unaotumiwa na jamii kwa ajili ya mawasiliano. Mwandishi wa makala haya ameifundisha kwa miaka kadhaa, ameitungia maswali ya mtihani, na amewapunguzia alama wanafunzi waliolisahau neno "sauti". Neno hilo moja lina gharama yake, na wanaoilipa aghalabu ni watu ambao hawajapata kukanyaga madarasani mwetu.

Ni vema kueleza mapema kwamba makala haya hayakutokana na uchunguzi mpana wa kitakwimu. Yametokana na ziara kadhaa nilizofanya kwa mume na mke, viziwi wote wawili, wakazi wa Kiamaiko, waliokuwa wamejaliwa mtoto wao wa kwanza, binti, ambaye masikio yake ni mazima. Tulizungumza kwa msaada wa mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Waliyonieleza nimeyalinganisha na maandishi ya wataalamu wa nchi nyingine waliozichunguza familia za namna hiyo.

Kuna wenzetu wanaoliepuka neno "kiziwi" kwa kudhani kuwa ni la dharau, kwa kuwa limeangukia katika kundi moja na kipofu, kiwete na kilema, yaani majina ya watu yaliyovikwa kiambishi cha vitu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini sarufi haiiungi mkono kikamilifu: twasema "kiziwi huyu amejifungua", wala hatusemi "kiziwi hiki kimejifungua". Isitoshe, viziwi wa Tanzania walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, nami sioni sababu ya kulionea haya jina ambalo wenyewe hawalionei. Neno la kuepukwa ni "bubu". Kiziwi ni mtu asiyepata sauti kwa masikio yake. Bubu, kwa matumizi ya watu wengi, ni mtu asiye na usemi, na hapo ndipo kosa linapoingia.

2. Mtaa wenyewe

Kiamaiko ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Mathare, jirani na Huruma. Wakazi wa Nairobi wanaijua zaidi kwa soko lake la mbuzi na machinjio yake. Mifugo huletwa kwa malori kutoka kaskazini mwa nchi, na pamoja na mifugo hiyo walikuja Waborana, Waburji na Wasomali waliofanya makao hapo, wakachanganyika na Wagikuyu, Wakamba, Waluo na Waluhya. Nyumba nyingi ni za ghorofa zenye chumba kimoja kimoja, milango ikitazamana katika ujia mwembamba, bomba la maji na choo vikiwa vya wapangaji wote. Watu huziita ploti. Katika ujia mmoja wa ploti mtu aweza kusikia lugha nne au tano kabla ya kufika ngazini, na juu ya zote Kiswahili na Sheng.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Wakenya zaidi ya 150,000, wenye umri wa miaka 5 na zaidi, waliokuwa na shida ya kusikia. Si wote waliozaliwa hivyo. Uti wa mgongo, matubwitubwi na baadhi ya dawa huharibu masikio ya watoto waliozaliwa wazima. Ndiyo maana, kwa kawaida, wazazi viziwi huzaa watoto wanaosikia, jambo linalowashangaza watu wengi na ambalo, kama tutakavyoona, huwaletea wazazi hao ushauri usiokwisha.

3. Kitenzi "sikia"

Kabla ya kueleza jinsi mama kiziwi anavyojua kwamba mtoto wake analia, yafaa tukichunguze kitenzi chenyewe. Mtu akitazama kamusi kwa haraka atakuta kwamba kusikia ni kupata sauti kwa masikio, na kwa hiyo atadhani kwamba sentensi "kiziwi anasikia" inajipinga yenyewe. Lakini wenye lugha husikia mambo mengi yasiyo na sauti yoyote. Husikia njaa na kiu, baridi na joto, usingizi, maumivu na raha. Husikia harufu ya uvumba kabla ya kuufikia mlango wa nyumba unamofukizwa. Kijana wa Kiamaiko, ambaye Kiswahili chake tunakilaumu kila siku, husema "naskia baridi" na "naskia usingizi", na katika hili yuko pamoja na mzee wa Lamu.

Tukiendelea na mnyambuliko wa kitenzi hiki tutaona kwamba masikio yanazidi kuachwa nyuma. Watu wanaosikilizana ni watu waliopatana. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu, na mtoto ambaye "hasikii" huenda akawa na masikio makali kuliko ya paka. Wahenga waliosema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakuwa wakizungumzia viziwi. Kadhalika sikio la kufa, ambalo halisikii dawa, halikukosa sauti ya dawa, limekosa kuipokea.

Wala jambo hili si la Kiswahili peke yake. Kitenzi cha Kigikuyu "kũigua" hutumika kwa sauti na pia kwa njaa na baridi. Waganda wana "okuwulira", Wazulu "ukuzwa", Washona "kunzwa", na vyote hivyo huchukua sauti pamoja na hisia za mwili. Yaonekana kwamba lugha zetu za Kibantu zilizigawa fahamu kwa namna yake: macho yakapewa kitenzi chao, na fahamu nyingine zikakusanywa chini ya kitenzi kimoja. Nakiri kwamba mpaka wenyewe haujanyooka, maana twasema pia kuona haya, kuona kiu, na hata kuona baridi. Lakini hoja inabaki pale pale, kwamba sikio halikupewa kitenzi cha kwake peke yake.

Nashuku kwamba tabia yetu ya kuliwekea sikio mipaka, na kuyatupa mengine yote katika kitenzi "hisi", ambacho ni cha asili ya Kiarabu, ni tabia ya shuleni na ya tafsiri. Mkalimani wetu alinipa ushahidi bila kukusudia. Mama alipoeleza jinsi anavyoamka usiku, mkalimani alisema kwanza, "Anahisi mtoto akilia." Kisha akajisahihisha: "Anasikia." Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba majirani ndivyo wasemavyo. Mtoto akilia, wao husema, "Mamake ameshasikia."

4. Usiku

Sasa tueleze jinsi anavyosikia. Wazazi hawa wana kitanda kimoja cha mbao, na mtoto hulala upande wa mama, ubavuni, mkono wa mama ukiwa juu ya tumbo lake. Kilio cha mtoto mchanga, alinieleza mama, huanzia tumboni kabla ya kufika kinywani. Tumbo hukaza, miguu hukunjwa, pumzi huvutwa ndani na kushikwa kwa muda mfupi. Hapo ndipo sauti hutoka. Kwa hiyo mara nyingi yeye huwa amekwisha kuamka na kumpa titi mtoto ambaye, kwa masikio ya jirani, bado hajalia. Baba, ambaye hulala upande wa pili, hutegemea mbao: mtoto akirusha miguu, kitanda humpa habari. Walikwisha jaribu kulaza godoro sakafuni kwa kuogopa mtoto asianguke, wakaacha baada ya siku mbili, kwa kuwa saruji haisemi kitu.

Kuna aliyewashauri kufunga uzi kutoka mguu wa mtoto hadi kidole cha mama. Walikataa, wakihofia uzi kujizungusha mahali pabaya, na nadhani walikuwa na busara.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilionyeshwa chombo kinachotumiwa na wazazi viziwi wa huko: kidude kinachowekwa karibu na kitanda cha mtoto, kikinasa kilio huwasha taa au hutikisa kitu chini ya mto wa mzazi. Ni chombo kizuri, lakini kimetungwa kwa ajili ya nyumba ambamo mtoto hulazwa katika chumba chake peke yake. Huko hata mzazi mwenye masikio hununua mashine ya kumsikizia mtoto. Kiamaiko, ambako chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, umbali ule haupo.

Mchana kazi hiyo hufanywa na leso. Mama humweleka mtoto mgongoni anapofua na kupika, na mgongo, kama ajuavyo kila mlezi, hupokea kwikwi, pumzi, usingizi na kilio. Tumezoea kuiita mbeleko kifaa cha kubebea. Kwa mama huyu ni kifaa cha kusikilizia pia, na pengine ndivyo ilivyo kwa akina mama wote, ila wenye masikio hawana haja ya kulitambua hilo.

Mambo yanayomshinda mwili huachiwa majirani. Jirani wa ukuta wa kushoto, mama wa Kiborana mwenye watoto wakubwa, alizoea kusikia mtoto akilia mfululizo wakati mama yuko bombani na baba amelala baada ya zamu ya usiku. Kubisha mlango hakufai kitu. Walikubaliana kwamba apitishe mwanga wa tochi ya simu katika kidirisha kilicho juu ya mlango, auzungushe darini mara tatu. Nilipoingia kwa mara ya kwanza sikujua hayo, nikabisha kama mjinga kwa dakika nzima, mpaka mtoto mmoja wa ujiani akanionea huruma akanifanyia kwa tochi.

Giza ndilo adui. Stima ikipotea, jambo lisilo geni Kiamaiko, wazazi hawa hawapotezi mwanga tu bali hupoteza mazungumzo. Mume na mke walioketi kitanda kimoja hawawezi kuulizana kama mtoto amenyonya, ila kwa kuandikiana ishara viganjani. Kwa sababu hiyo wao hununua tokeni za stima kabla ya kununua mafuta ya kupikia, na balbu ndogo huwaka usiku kucha. Jirani mmoja aliwahi kuwaona wafujaji.

Watu huuliza pia jinsi mama asiyesikia awezavyo kutambua ugonjwa. Swali hili lina jibu rahisi kuliko linavyodhaniwa. Wahudumu wa afya wenyewe, wanapotaka kujua kama mtoto mchanga ana nimonia, huhesabu pumzi kwa kutazama kifua: pumzi 60 au zaidi kwa dakika, katika mtoto aliye chini ya miezi miwili, ni dalili ya hatari, na vilevile kifua kinachobonyea chini ya mbavu. Umanjano huonekana machoni na katika ngozi. Homa hupatikana kwa kiganja. Mama alinionyesha jinsi anavyohesabu, simu yenye saa mkononi, macho juu ya kifua cha binti yake, nami nikakumbuka kwamba sijapata kumtazama mtoto yeyote kwa dakika nzima bila kugeuza uso.

5. Mazungumzo ya mama na mtoto

Jambo ambalo lingewapendeza zaidi wanaisimu ni mazungumzo. Tangu juma la kwanza mama huyu alisema na mtoto wake kwa mikono. Alimsubiri amtazame, kisha akaashiria polepole, kwa upana, akirudia ishara ile ile mara nyingi. Pengine aliifanya juu ya mwili wa mtoto mwenyewe, shavuni au kifuani, badala ya kuifanya juu ya mwili wake. Mtoto akitazama kando, hakumgeuza uso kwa nguvu: alimgusa begani, au aliupeleka mkono mahali ambapo macho ya mtoto yalikuwa yamekwenda.

Haya si mambo ya mama mmoja. Nobuo Masataka, katika uchunguzi wake wa akina mama viziwi wa Japani uliochapishwa mwaka 1992, alionyesha kwamba wanapozungumza na watoto wao wachanga ishara zao huwa za polepole zaidi, kubwa zaidi na zenye kurudiwarudiwa zaidi kuliko wanapozungumza na watu wazima. Kwa maneno mengine, wana ile lugha ya kubembeleza ambayo mama mwenye sauti huifanya kwa kupandisha kiimbo. Judy Reilly na Ursula Bellugi, mwaka 1996, waligundua jambo la ajabu zaidi kwa viziwi wa Marekani. Katika lugha yao ya ishara, uso una kazi ya kisarufi: kukunja nyusi, mathalani, ni sehemu ya swali la nani au nini. Lakini uso uliokunjwa humwambia mtoto mchanga kwamba mama amekasirika. Basi akina mama hao huiacha sarufi ya uso, huuliza maswali yenye kasoro wakiwa wanatabasamu, mpaka mtoto afikiapo umri wa miaka miwili hivi, ndipo hurudi katika sarufi kamili. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa mwenye lugha kuivunja kanuni ya lugha kwa kuijua.

Na mtoto hujibu. Laura Ann Petitto na Paula Marentette walieleza mwaka 1991 kwamba watoto wachanga viziwi waliolelewa na wazazi viziwi hupayuka kwa mikono, kama vile watoto wengine wapayukavyo "ba-ba-ba" kwa kinywa, na kwamba mpayuko huo wa mikono una silabi. Mwaka 2001 Petitto na wenzake walikwenda mbele zaidi, wakawapima watoto sita, wote wakiwa na masikio mazima, watatu kati yao wakiwa wamelelewa kwa ishara. Watoto wote huchezesha mikono, na mchezo huo una mwendo wa kasi wa mara mbili na nusu hadi tatu hivi kwa sekunde. Lakini watatu wale walikuwa na mwendo wa pili, wa polepole, wa mara moja hivi kwa sekunde, uliofanyika mbele ya kifua, mahali ambapo ishara hufanyika. Mdundo wa lugha ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwao.

Nilimwuliza mama wa Kiamaiko kama ameona kitu cha namna hiyo. Mtoto wakati huo alikuwa na miezi minane. Alicheka, akamwekea mtoto mkono kifuani, akasubiri. Sina ujuzi wa kutosha wa Lugha ya Ishara ya Kenya kuapa kwamba nilichokiona kilikuwa silabi. Baba yake hakuwa na shaka yoyote.

6. Je, mtoto atasema?

Ndilo swali linaloulizwa na kila mgeni. Mama mzazi wa baba alikuja kutoka mashambani mtoto akiwa na wiki sita, akakaa siku kumi, na kabla ya kuondoka akaomba apewe mjukuu wake amlee mpaka aanze shule, ili "apate mdomo". Hakuomba kwa ubaya. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba mtoto anayelelewa na watu wasiosema atakuwa kama wao. Wengine, waliokuwa na hofu hiyo hiyo, walishauri redio: iwashwe mchana kutwa, mtoto asikie Kiswahili.

Redio ilinunuliwa. Ilikaa juu ya kabati kwa wiki kadhaa, taa yake nyekundu ikiwaka, mpaka mtoto wa jirani alipoingia kuazima karai akawaonyesha kwa mikono kwamba haisemi chochote: ilikuwa kati ya stesheni mbili, ikivuma tu.

Hata kama ingesema, isingefaa kitu. Mwaka 1981 Jacqueline Sachs na wenzake walichapisha habari za mtoto wa Marekani, waliyemwita Jim, aliyekuwa na masikio mazima na wazazi viziwi. Wazazi wake hawakutumia ishara wanapozungumza naye, na sauti ya watu aliipata zaidi katika televisheni. Alipofikia umri wa karibu miaka minne, maneno alikuwa nayo, lakini jinsi alivyoyapanga haikuwa ya Kiingereza wala ya lugha nyingine inayojulikana. Alipoanza kukaa na mtu mzima aliyezungumza naye ana kwa ana, upungufu huo ulitengenea upesi. Funzo la kisa hiki mara nyingi husomwa nusu. Wasomaji hukumbuka kwamba televisheni haimfundishi mtoto kusema, lakini husahau kwamba Jim alikuwa amenyimwa vilevile ishara za wazazi wake, yaani lugha pekee ambayo wangaliweza kumpa kwa ukamilifu.

Tukirudi Kiamaiko, hofu ya nyanya yake haina msingi mkubwa. Mtoto wa ploti hapungukiwi na watu wa kusema naye. Mama wa Kiborana humchukua jioni. Wasichana wa ujiani humbeba kwa zamu. Mwuza mboga wa mlangoni humwita kwa jina na kungoja ajibu. Kiswahili atakipata, na Sheng ataipata hata tukimziba masikio. Kitu ambacho hawezi kukipata kwingine ni lugha ya nyumbani mwake. Akipelekwa mashambani kwa miaka mitano atarudi akiwa na mdomo, lakini hataweza kumwuliza mama yake swali wala kuelewa jibu. Nimeelezwa habari za watu wazima waliolelewa hivyo, ambao hadi leo huzungumza na wazazi wao kwa ishara za kuomba maji na chakula tu.

Wazazi walimkatalia nyanya huyo. Haikuwa rahisi. Mwana hamkatalii mamaye kwa urahisi, sembuse kumkatalia kwa mikono mbele ya mkalimani ambaye ni binamu.

7. Fasili na gharama yake

Nyanya alipata wapi wazo kwamba nyumba ile haina lugha? Alilipata mahali pengi, lakini pamoja na hayo, alilithibitishiwa katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Mama alikuwa amempeleka mtoto kupata chanjo ya wiki ya sita, akifuatana na mama mkwe wake. Jina la mtoto liliitwa kwa sauti mara mbili, mama hakugeuka, zamu ikampita. Nyanya, asiyekizoea Kiswahili cha mjini, naye hakulitambua. Walipofika mezani hatimaye, mhudumu alizungumza na nyanya pekee. Alipomwona mama akimwashiria mtoto aliyekuwa akilia baada ya sindano, alimwambia nyanya kwamba mtoto asizoezwe mambo hayo ya mikono, asije akachelewa kupata lugha. Alisema "lugha". Mhudumu huyo alisoma shule ya sekondari ya Kenya, akafaulu Kiswahili, na bila shaka aliwahi kuandika katika karatasi ya mtihani kwamba lugha ni mfumo wa sauti.

Elimu ya kumsahihisha imekuwapo kwa muda mrefu. William Stokoe alionyesha mwaka 1960 kwamba ishara za viziwi wa Marekani huchanganulika katika vipashio vidogo visivyo na maana, yaani umbo la mkono, mahali na mwendo, vinavyoungana kama fonimu zinavyoungana katika neno. Katika nchi yetu, mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991. Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kuikuza lugha hiyo, inaihesabu kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na katika ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Kwa hiyo Mbunge aweza kuitumia bungeni, na mama asikatazwe kuitumia kwa mtoto wake.

Fasihi nayo ina deni lake. Twawafundisha wanafunzi kwamba bembelezi ni utanzu wa fasihi simulizi, na kwamba fasihi simulizi hupitishwa kwa mdomo. Jioni moja nilimwona mama huyu akimlaza binti yake. Alimpigapiga mgongoni kwa mkono wa kushoto, kwa mapigo yaliyo sawa, na kwa mkono wa kulia, karibu na uso wa mtoto, akarudia ishara tatu kwa mpangilio usiobadilika, ya tatu ikishuka na kutua kila mara mahali pale pale katika pigo. Ulikuwa na mizani, kituo na takriri. Nilitafuta mahali pa kuuweka katika orodha yetu ya tanzu, nikakosa.

Muhula uliopita nilipendekeza idarani kwamba neno "sauti" liondolewe katika fasili tunayoitumia mwaka wa kwanza, na badala yake tuseme "ishara za nasibu, ziwe za sauti au za mikono". Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alipinga kwa sababu mbili: kwamba wanafunzi watachanganyikiwa na alama za barabarani, na kwamba hatutajua fonolojia ianzie wapi. Kwa hoja ya kwanza nilimjibu kwamba alama za barabarani hazina silabi, wala hakuna mtoto anayezipayuka. Kwa hoja ya pili nilimpa maandishi ya Stokoe ayasome wakati wa likizo. Bado hajayarudisha, na mtihani wa mwaka huu umekwisha pigwa chapa kwa fasili ile ya zamani.